Sega ilichemsha wapi? Kumbukumbu ya vita vya mashine za gemu

Wadau, ukianza ubishi wa PlayStation na Xbox, Sega husahaulika, au utasikia tu kwamba mashine zao zilikuwa mbovu. Mimi nabisha. Dreamcast ilikuwa mashine nzuri sana, na bado ikafa.

Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Mashine ya gemu mara nyingi huuzwa kwa faida kiduchu, au hata kwa hasara. Pesa iko kwenye gemu: kila nakala inayouzwa, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, mwenye mashine anakata chake. Watengenezaji wa gemu wakikukimbia, umekwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sega waliibana Nintendo kweli kweli huko Marekani kwa mashine yao ya Genesis. Halafu wakaanza kuwachanganya wateja. Mwaka 1994 wakatoa 32X, kifaa cha kuchomeka kwenye Genesis kuiongezea nguvu, na mwezi huohuo wa Novemba wakazindua Saturn, mashine mpya kabisa, kule Japani. Gemu za 32X zikakauka mapema, aliyenunua akabaki nacho mkononi. Kwa maoni yangu imani ilianza kuvuja hapo.

Sony nao waliingia kwa hasira. Mwaka 1991, mjini Chicago, walitangaza mashine ya kutumia CD kwa ushirikiano na Nintendo. Kesho yake Nintendo wakawatosa hadharani, wakaenda kwa Philips! Sony wakaamua kujitegemea, na Desemba 1994 PlayStation ikatoka Japani.

Mei 1995, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sega wakatangaza kwamba Saturn tayari iko madukani Marekani kwa dola 399, wakati watu walikuwa wanaisubiri Septemba. Watengenezaji wa gemu hawakuwa tayari, na maduka yasiyopewa mzigo yakanuna. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akataja bei ya PlayStation, 299, akashuka. Hotuba imekwisha.

Dreamcast ilitoka Japani Novemba 1998, na Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu yake ndani. Ilianza vizuri. Lakini Electronic Arts, wenye gemu za michezo zinazouzwa kama njugu, waligoma kuitengenezea. Machi 2000 PlayStation 2 ikaingia sokoni Japani, inacheza DVD na gemu za PlayStation ya zamani. Wateja kibao wakaona bora wasubiri hiyo. Sega wakashusha bei, hasara ikazidi.

Tarehe 31 Januari 2001 wakatangaza kuachana na mashine. Dreamcast iliuzwa kama milioni 9 hivi. PlayStation 2 ilikuja kupita milioni 150. Mwenyekiti wao, mzee Isao Okawa, aliipa kampuni hisa zake binafsi zenye thamani ya karibu dola milioni 700 isifilisike. Akafariki Machi mwaka huohuo.

Sega wakabaki kutengeneza gemu tu, na Desemba 2001 Sonic, kipenzi chao waliyemtumia kuwapiga Nintendo, akaingia kwenye GameCube. Ya Nintendo hiyo!