"Introduction" ya WITCH: diski ya rock ya Kitwe, na namna wasikilizaji wa Likasi wanaiona

Tangu tulianza kupiga rock ya zamani ya Zambia mu emisio ya mangaribi, ujumbe zimekuja mingi kuliko vile tulizania. Kuna wenye walipenda, kuna wenye walituomba turudie rumba haraka sana, na kuna wenye waliuliza swali moja tu: hawa ni watu gani, na namna gani muziki yenye ilitoka karibu hivi na kwetu hatukuisikiaka? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo. Inakusanya pia kile wasikilizaji wa Likasi, Panda, Kikula na Shituru walisema juu ya diski ya kwanza ya orkesta WITCH, yenye jina Introduction.

Tuanze na njia. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa 120 hivi. Kisha unafuata barabara ya Kasumbalesa, unavuka mupaka, unapita Chililabombwe na Chingola, unafika Kitwe. Kama hawakukukawiza ku mupaka (na hiyo "kama" ni kubwa, kila dereva wa lori anajua) unaweza kulala Kitwe siku ile ile. Shaba ni ya ukanda moja. Kibemba kinasikilika pande zote mbili. Familia mingi ziko na shangazi ao mujomba kule. Ni katika muji huo wa Kitwe, muji wa wachimbaji sawa yetu, WITCH ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, mwenye watu walimwita Jagari. Jina hilo lilitoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones, lakini walilipindua mpaka likalia sawa jina la kwetu. Chris Mbewe alipiga gitare ya solo, John Muma gitare ya kusindikiza, Gedeon Mwamulenga besi, na Boidi Sinkala batri. Walikuwa vijana wenye walisikia rock ya Waingereza na ya Waamerika ku redio na ku diski zenye zilifika na wageni wa kampuni za mugodi. Hawakungoja muntu awafundishe.

Muziki yao na ya wenzao ikaitwa Zamrock, maana yake rock ya Zambia. Kulikuwa pia Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Amanaz, na Ngozi Family ya Paul Ngozi. Lakini WITCH ndiyo ilijaza masali. Inasimuliwa kwamba shoo zao zilianza saa moja mangaribi na kuendelea mpaka saa nane usiku, na polisi walikuwa wakiitwa kutuliza watu.

Sasa diski yenyewe. Wengine wanaandika kwamba Introduction ilitoka 1972, wengine 1973. Mara mingi inahesabiwa kuwa diski kubwa ya kwanza ya Wazambia yenye iliuzwa, maana mbele yake orkesta zilitoa nyimbo moja moja. Vijana hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walijitolea wenyewe.

Ukiisikiliza, kitu cha kwanza unashika ni ile gitare yenye kukwaruza. Gitare ya umeme inapitishwa mu kisanduku kidogo cha kukanyaga na muguu, na sauti inatoka imechanika, sawa redio yenye pili zake zinaelekea kuisha. Kuna kisanduku kingine chenye kufungua na kufunga sauti, mpaka gitare inakuwa sawa muntu anasema "wa-wa". Chini yake besi inatembea bila haraka, na batri inapiga kavu. Nyimbo ni fupi. Zote ziko kwa kingereza, na maneno ni mepesi: mapenzi, furaha, muji wa nyumbani. Sauti ya Jagari iko nyuma kidogo, sawa muntu anaimba kutoka chumba cha pili. Unasikia wazi kwamba vyombo vya kurekodi vilikuwa vichache.

Na ni juu ya kukwaruza huko wasikilizaji wetu waligawanyika kwanza. Papa moja wa Kikula, mwenye alipigaka gitare mu orkesta ya kazini, alitupigia telefone akazani masini zetu zimeharibika. Tulimueleza kwamba ni vile diski iko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba besi ni ya muntu mwenye anajua kazi yake, lakini gitare imefichwa nyuma ya makelele kusudi makosa isionekane. Kijana wa Panda alimujibu juma lenye lilifuata: kwake makelele ndiyo gitare yenyewe, na mwenye kutaka gitare safi aende kusikiliza Franco.

Mimi ninaona wote wawili wako na haki nusu. Kuna mahali mu diski hii ambapo vidole havijafika bado. Lakini kukwaruza haikuwa kujificha. Huko kulikuwa na nguvu nyingi, na pale katikati ya wimbo Home Town ao Like a Chicken ukiondoa ile nguvu hakuna kitu kinabaki. Besi, sawa, ni nzuri kweli.

Neno la pili, lenye lilileta ujumbe mingi zaidi, ni jina. Mu kingereza neno hilo linamaanisha muloji. Mama moja wa korali alitutumia sauti ndefu ku WhatsApp akiuliza namna gani redio ya watu wote inapiga muziki ya walozi saa ya familia kukaa pamoja. Hakuwa peke yake, na hatumucheki: mu muji wetu watoto wamefukuzwa mu nyumba za wazazi juu ya neno hilo. Ni vizuri kueleza basi. WITCH ni herufi za kwanza za maneno matano ya kingereza, na kwa kiswahili ni sawa kusema "tunakusudia kuleta fujo." Fujo ya vijana wa rock, ya nywele ndefu na suruali pana. Mu nyimbo za Introduction hakuna uganga wala bulozi. Mwenye hapendi jina anabaki na haki ya kutolipenda, lakini asiseme kwamba nyimbo zinafundisha kitu chenye hazifundishi.

Swali la tatu ndilo lilikuwa zito: je, hii ni muziki yetu, ao ni kuiga Wazungu? Wazee wengi walisema ni kuiga, tena kwa kingereza, wakati sisi huku tulikuwa na muziki yenye ilitoka mu udongo wetu. Walimutaja Mwenda Jean-Bosco, na walifanya vizuri kumutaja. Mwenda alizaliwa Bunkeya, akakaa hapa mu Likasi wakati ingali inaitwa Jadotville, na ni hapa Hugh Tracey alimurekodi mu 1952. Gitare yake ya vidole viwili ilifika mpaka Nairobi, na watu wa ng'ambo wameandika vitabu wakitafuta kuelewa namna alipiga. Lakini hata gitare ya Mwenda ilitoka ku duka la Wazungu. Chenye alifanya nayo ndicho kilikuwa chake. Ninazani vijana wa Kitwe wahukumiwe kwa kipimo hicho hicho, na kwa kipimo hicho diski ya kwanza iko katikati ya safari. Mu nyimbo zingine unasikia Uingereza tupu. Mu zingine batri na besi zinakataa kutembea Kizungu, zinazunguka sawa watu wenye kucheza ku ngoma. Diski zenye zilifuata, sawa Lazy Bones!! ya 1975 na Lukombo Vibes ya 1976, zilienda mbele zaidi.

Ni kwa sababu hiyo Introduction inasahauliwa. Wenye kuandika juu ya Zamrock wanaruka haraka mpaka Lazy Bones!!, wanaiita diski kubwa ya WITCH, na ile ya kwanza wanaipa mistari miwili. Hata kati ya wasikilizaji wetu, wenye walijua WITCH mbele walijua Lazy Bones!! tu. Lakini tulipopiga zote mbili, juma moja hii na juma lingine ile, wengi wa Shituru walichagua ile ya kwanza. Walisema ya pili imepangwa vizuri zaidi, lakini ya kwanza ndiyo inafanya muntu asimame kwenye kiti. Hatukuhesabu sauti sawa siku ya uchaguzi, kwa hiyo musitutafute na namba.

Turudie swali la mwanzo. Kwa nini rock hiyo haikuvuka mupaka? Watu walivuka, hiyo ni hakika, na orkesta pia. Super Mazembe, wenye watu wanazani ni Wakenya, walianza huku kwetu wakiitwa Super Vox. Walikaa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufika Nairobi mu 1974. Muziki yetu ilishuka kusini kwa urahisi. Kupanda ndiyo ilikuwa nguvu.

Sababu moja ni luga. Kule walisomaka kingereza, sisi kifaransa, na maneno ya Jagari kwa wazazi wetu yalikuwa makelele tu. Sababu ya pili ni serikali. Kule inasimuliwa kila mara kwamba Prezidenti Kenneth Kaunda alitaka redio ya taifa ipige muziki ya Wazambia kwa asilimia 95. Agizo hilo lilifungua mulango kwa vijana wa Kitwe: rock yao, hata ya kingereza, ilikuwa ya Wazambia. Huku, ni miaka ile ile Mobutu alileta authenticité. Inchi ikawa Zaire mu 1971, majina ya Kikristo yakaondolewa mu 1972, na muntu mwenye gitare ya kukwaruza na kingereza mudomoni hakuwa na mahali pa kusimama. Marais wawili waliomba karibu kitu kimoja, watu warudie vya kwao, na upande moja ulizaa rock, upande mwingine ulitia nguvu rumba ya Kinshasa. Katanga, yenye haikuwa Kinshasa wala Kitwe, ilibaki ikisikiliza chenye kililetwa.

Kisha shaba ikaanguka. Mu 1974 bei ilikuwa juu. Mu 1975 ilikuwa imeshuka vibaya. Wenye walikuwa kazini Gécamines ile miaka hawana lazima ya kuelezwa. Zambia ilipigwa sawa sisi, maana inchi nzima ilikula kwa shaba. Vita ya Rhodesia ikaleta hofu na amri za kutotembea usiku, na orkesta yenye chakula chake ni shoo ya usiku haiishi na amri sawa hiyo. Tena disko ikafika, na ku disko muntu moja na mashini anatosha. Jagari aliacha WITCH mu nusu ya pili ya miaka ya 1970, akawa mwalimu wa muziki. Wenzake waliendelea bila yeye mpaka miaka ya 1980, muziki ikielekea zaidi disko. Baadaye Jagari aliingia mu uchimbaji wa mawe ya bei. Mwimbaji wa rock mwenye alirudia kuchimba: makrezeri wetu walicheka kwa uchungu waliposikia hiyo, na moja aliuliza kama alipata kitu.

Wenzake wa kundi lile la kwanza wamekufa wote. Ukimwi ulikata kizazi kizima cha wanamuziki wa Zambia, na wengi walikwenda mbele muntu hajawauliza namna walifanya kazi yao. Jagari peke yake ndiye alibaki kusimulia.

Kuanzia miaka ya 2010 mambo yaligeuka. Kampuni ya Marekani, Now-Again, ilikusanya diski za WITCH na kuzitoa upya, Introduction ndani yake. Mu 2019 ilitoka filimu ya Mwitaliano Gio Arlotta juu ya Jagari. Jagari alianza tena kusafiri Ulaya na Marekani na wanamuziki vijana, pamoja na Patrick Mwondela, mupiga kinanda wa miaka ya mwisho ya orkesta. Mu 2023 walitoa diski mupya, Zango, yenye ilirekodiwa Lusaka. Vijana wenye kufuata rap wanajua kitu kingine: Tyler, the Creator alichukua kipande cha Ngozi Family na kukiweka mu wimbo wake Noid mu 2024. Wengi walituandikia kwamba walizani ni gitare ya Waamerika.

Introduction inapatikana leo ku intaneti, na mwenye megabaiti kidogo anaweza kuanza na wimbo wa kwanza na Home Town. Diski zenyewe za wakati ule ni neno lingine. Ya asili, hata yenye mikwaruzo, wakusanyaji wa ng'ambo wanainunua kwa mamia ya dola. Papa moja alitupigia kusema kwamba marehemu kaka yake alirudi kutoka Kitwe na kartoni nzima ya diski, na watoto wamezifanya vifuniko vya ndoo. Kama uko na kartoni sawa hiyo, angalia karatasi ya katikati: ukiona jina Zambia Music Parlour, ama Teal na Ndola, usiikwaruze zaidi, usiioshe na petroli, usiiweke ku jua, na usikubali bei ya kwanza ya muntu mwenye amekuja kuiulizia ku mulango.