Diski Ipi ni ya Kwanza? Historia Fupi ya Butiloda za Linux

Leo tuweke kando habari za programu mpya, tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hukikumbuka siku kinapogoma tu: butiloda. Hii ni programu ndogo inayofanya kazi kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta na Linux yenyewe kuamka. Ikifanya kazi vizuri, huioni. Ikikwama, unabaki na skrini nyeusi yenye neno moja au mawili, na fundi anakuambia, "Hii lazima tufomati."

Mara nyingi si lazima. Hasa kwenye kompyuta yenye diski mbili, tatu au zaidi, data huwa ipo salama pale pale ilipokuwa. Kilichotokea ni kwamba programu mbili zimeshindwa kuelewana juu ya swali moja: diski ipi ni ya kwanza? Swali hilo lina zaidi ya miaka 40. Ukijua lilikotoka, utajua pia namna ya kulitatua bila kufuta picha za familia au hesabu za biashara.

BAITI 446

IBM PC ilipotoka Agosti 1981 haikuwa na diski ngumu. Watu walitumia flopi. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kudumu iitwayo BIOS. Baada ya kukagua mashine, BIOS ilisoma sekta ya kwanza ya flopi, baiti 512 tu, ikaiweka kwenye kumbukumbu na kuiachia usukani. Basi. BIOS haikujua faili ni nini, wala haikujali ni mfumo gani umehifadhiwa humo.

Machi 1983 IBM ikaleta PC XT yenye diski ngumu ya MB 10, pamoja na PC DOS 2.0. Hapo ndipo sekta ya kwanza ya diski ilipopata umbo tunalolijua kwa jina la MBR. Baiti 64 ni jedwali la patisheni nne. Baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kuwa sekta hiyo ni halali. Ukitoa hizo, nafasi ya programu inayobaki ni baiti 446. Aya hii unayoisoma, ndugu msomaji, ingejaza sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Sasa angalia jambo la pili. BIOS huiita diski ngumu ya kwanza 0x80, inayofuata 0x81, na kuendelea hivyo. Hayo si majina. Ni nafasi kwenye foleni. Mtu wa mbele kwenye foleni ya benki akitoka, wa pili anakuwa wa kwanza ingawa ni mtu yule yule. Wakati kompyuta ilikuwa na diski moja, hakuna aliyejali. Diski zilipoongezeka, matata yakaanza.

LILO NA RAMANI YAKE

Linus Torvalds alitoa Linux kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na siku za mwanzo kerneli iliamshwa kutoka kwenye flopi. Mwaka 1992 Werner Almesberger akaandika LILO, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa butiloda ya karibu kila mtumiaji wa Linux.

Baiti 446 haziwezi kuelewa mpangilio wa mafaili. LILO ilizunguka tatizo hilo hivi: ukiendesha amri ya `lilo` Linux ikiwa hai, programu hiyo inaandika orodha ya mahali hasa kwenye diski ambapo vipande vya kerneli vimelala. Wakati wa kubuti, LILO inafuata orodha hiyo bila kuuliza. Ni kama kumwelekeza mgeni, "tembea hatua 300, pinda kulia, ingia mlango wa tano." Mgeni atafika, mradi nyumba haijahamishwa. Ukiweka kerneli mpya ukasahau kuendesha `lilo`, ramani ilielekeza mahali ambapo huenda hapana kitu tena.

Waliotumia LILO wanakumbuka herufi zake. Iliandika jina lake herufi moja moja kadiri ilivyosonga mbele. Ukiona `L` peke yake, hatua ya kwanza tu ndiyo imefanikiwa. Ukiona `LI`, hatua ya pili imepakiwa lakini haikuweza kuanza. `LIL` maana yake hatua ya pili imeanza lakini haikuweza kusoma ramani. Ukiona `LILO` kamili, shukuru Mungu.

Kwenye mashine yenye diski nyingi, sababu kubwa ya herufi kukatika ilikuwa kwamba Linux na BIOS zimehesabu diski kwa mpangilio tofauti. Ndiyo maana faili la `/etc/lilo.conf` liliruhusu mtu kuandika mwenyewe:

disk=/dev/hdb
bios=0x80

Yaani: "Diski ambayo Linux inaiita hdb, wakati wa kubuti BIOS itaiita ya kwanza." Mistari miwili tu, lakini ilikuwa na maana kubwa. Ilikuwa ni kukiri kwamba kompyuta yenyewe haiwezi kujua, lazima binadamu aiambie.

GRUB: INASOMA MAFAILI, LAKINI BADO INABAHATISHA

Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuandika GRUB akitafuta njia ya kubuti mfumo wa GNU Hurd. Mwaka 1999 ikawa programu rasmi ya GNU, chini ya Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji. Red Hat Linux 7.2, iliyotoka Oktoba 2001, iliifanya kuwa chaguo la kwanza badala ya LILO.

Tofauti kubwa ilikuwa hii: GRUB ilielewa mpangilio wa mafaili. Kipande kidogo kilikaa kwenye MBR, kipande kingine kwenye sekta zilizoachwa wazi kabla ya patisheni ya kwanza, na sehemu iliyobaki ndani ya `/boot/grub`. Ukibadilisha kerneli huhitaji kuchora ramani upya, na menyu ikikosewa unaweza kuandika amri pale pale kwenye skrini ya kubuti. Kwa wengi wetu hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Lakini swali la foleni halikuondoka. GRUB iliziita diski hd0, hd1, hd2, ikifuata hesabu ya BIOS. Wakati wa kusakinisha, Linux ikiwa hai, hakuna njia ya uhakika ya kujua BIOS itazipangaje. GRUB ilikisia, kisha ikaandika makisio yake kwenye faili liitwalo `device.map`. Kisha mtu anaingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuchagua kubuti kutoka diski nyingine. Diski hiyo inapanda kuwa ya kwanza, na hd0 ya leo si hd0 ya jana.

Upande wa Linux nao ulikuwa na hesabu zake. Diski za IDE ziliitwa hda, hdb, hdc na hdd, kulingana na waya zilikochomekwa. Za SCSI, na baadaye SATA, ziliitwa sda, sdb na kadhalika, kulingana na ipi imeonekana kwanza. Mashine ya katikati ya miaka ya 2000 yenye diski ya IDE na ya SATA pamoja ilikuwa na foleni mbili zisizofahamiana. Halafu Mei 2007 Fedora 7 ikaanza kuziita hata diski za IDE kwa majina ya sda. Waliosasisha huku mafaili yao yakiwa bado yameandikwa `/dev/hda1` walipata taabu.

KUTOKA NAFASI HADI JINA

Dawa ilikuwa kuacha kuuliza "iko ya ngapi?" na kuanza kuuliza "inaitwa nani?" Kila patisheni inapofomatiwa hupewa UUID, namba ndefu ya kipekee inayohifadhiwa ndani ya patisheni yenyewe. Ihamishe waya, ibadilishe nafasi, iweke kwenye mashine nyingine, namba yake haibadiliki. Ubuntu 6.10 ya Oktoba 2006 ilianza kutumia UUID kwenye orodha ya patisheni zake, na distro nyingine zikaelekea huko huko. GRUB 2, ambayo Ubuntu iliifanya chaguo lake la kawaida katika toleo la 9.10 mwaka 2009, hutafuta patisheni ya kerneli kwa UUID. LILO nayo iliacha kuendelezwa mwaka 2015.

Je, tatizo likaisha? Hapana, lilihama tu. UUID inamsaidia GRUB akishaamka. Lakini nani anamwamsha? Bado ni BIOS, na BIOS bado inasoma sekta ya kwanza ya diski iliyo mbele ya foleni.

Hilo lilionekana wazi Julai 2020. Tarehe 29 mwezi huo lilitangazwa kosa la usalama lililopewa jina BootHole, lililotokana na namna GRUB 2 ilivyosoma faili lake la mipangilio. Distro zilitoa masahihisho haraka. Baadhi ya watumiaji wa Ubuntu walipowasha upya walikutana na maneno haya:

error: symbol 'grub_calloc' not found.

Sababu? Sasisho liliweka mafaili mapya ndani ya `/boot/grub`, lakini kipande cha mwanzo kiliandikwa kwenye diski tofauti na ile ambayo BIOS ilikuwa ikibuti. Diski ya mbele ilibaki na kipande cha zamani. Kipande hicho kilisoma mafaili mapya na hazikuelewana. Diski zilikuwa nzima, mafaili yalikuwa mazima, kerneli ilikuwa nzima. Ni anwani tu.

UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, ilikuja na utaratibu mwingine. Kompyuta ina orodha ya butiloda kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, na kila moja inatajwa kwa namba ya kipekee ya patisheni pamoja na njia ya faili. Ni hatua kubwa. Hata hivyo wenye diski nyingi wawe macho: visakinishi vya Linux vimezoea kutumia patisheni ya EFI iliyopo tayari, ambayo mara nyingi iko kwenye diski ya Windows. Unaweza kudhani Linux yako yote iko kwenye diski ya pili, kumbe mlango wake uko kwenye ya kwanza. Siku ukiitoa ile ya kwanza, Linux haiamki, ingawa haijapoteza hata herufi moja.

SASA UFANYEJE?

Historia hiyo yote inatupa utaratibu mfupi. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux inayoweza kuendeshwa bila kusakinishwa, kisha:

1. Zijue diski zako kwa majina, si kwa nafasi. Andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,UUID`. Usiamini sda au sdb peke yake, maana flashi yenyewe inaweza kuwa imechukua jina mojawapo. Angalia ukubwa, modeli na namba ya diski.

2. Jua mashine inabuti kwa njia ipi. Folda ya `/sys/firmware/efi` ikiwepo, flashi imebuti kwa UEFI. Isipokuwepo, imebuti kwa njia ya BIOS. Hakikisha ni njia ile ile inayotumiwa na mfumo wako.

3. Ingia ndani ya mfumo wako. Tuseme patisheni yake ni sdb2 (weka yako):

sudo mount /dev/sdb2 /mnt
for d in dev proc sys; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Kama `/boot` iko kwenye patisheni yake, nayo uiunganishe kwa amri ya `mount /boot`.

4. Kwa mashine ya BIOS, andika `grub-install /dev/sdb` halafu `update-grub`. Taja diski nzima, si patisheni, yaani sdb na si sdb2. Iwe ndiyo diski ambayo BIOS imewekwa ibuti. Kwenye Debian na Ubuntu malizia kwa `dpkg-reconfigure grub-pc` na uchague diski hiyo hiyo, ili sasisho lijalo lisiandike kwingine.

5. Kwa mashine ya UEFI, `efibootmgr -v` itakuonyesha kila butiloda na patisheni iliyomo. Ukitaka Linux ijitegemee, iwe na patisheni ya EFI kwenye diski yake yenyewe. Iunganishe kwenye `/boot/efi` na uisajili humo kwenye `/etc/fstab` kwa UUID yake, kisha endesha `grub-install`.

Na kabla ya yote, ukiwa bado kwenye flashi, nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje. Ukiweza kuyaona mafaili yako humo, basi umeshapata jibu: kilichoharibika ni njia ya kufika kwenye nyumba, nyumba yenyewe imesimama.

Kwa hiyo wasomaji wangu, safari nyingine fundi akikimbilia kufomati, mwombe subira ya nusu saa na umuulize swali moja: mashine hii inabuti kutoka diski ipi, na butiloda iko kwenye diski ipi? Majibu yakiwa mawili tofauti, ugonjwa umepatikana. Haraka haraka haina baraka, hasa kwa data ambayo huna nakala yake.