Kiungani: shule iliyozaa makasisi na wachapaji

Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika Unguja, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano walionaswa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Miaka michache baadaye misheni ilifungua shule Kiungani, kusini mwa mji. Wasichana walisomeshwa Mbweni.

Dini ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa Kiungani. Siku iliandamana na sala za kanisani, na kusoma kulikwenda sambamba na Maandiko. Lakini mtoto wa Kiyao na wa Kinyasa wangefundishwa kwa lugha gani pamoja? Edward Steere, aliyekuwa askofu kuanzia 1874, alishikilia Kiswahili. Alitafsiri Maandiko, kisha akawafundisha vijana kazi ya uchapaji: kuokota herufi za risasi mojamoja, kuzipanga mstari kwa mstari, kupaka wino na kukandamiza karatasi. Kijana aliyepanga sura ya Injili kwa mkono wake alikuwa ameisoma kuliko yeyote aliyeisikiliza tu. Mwaka 1888 shule ikaanza kutoa gazeti lake, *Msimulizi*.

Matunda yalionekana mapema. John Swedi, mmoja wa wale watano, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipadrishwa mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali, bara ya kusini, miongoni mwa watu wa kabila lake. Dini ilifika huko kwa kinywa cha mwenyeji, na hapo ndipo ninapoona heshima kubwa ya Kiungani: iliwatoa wanafunzi kwenye dawati na kuwapandisha mimbarani.

Mwaka 1925 shule ilihamia Minaki, karibu na Kisarawe. Kisha Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1969 ikazitaifisha shule za makanisa, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kipindi cha dini kilibaki kwenye ratiba, kila dhehebu likitafuta mwalimu wake.

Kupata mwalimu huyo ndiyo kazi iliyobaki. Steere hakungoja wahubiri kutoka ng'ambo. Aliwaandaa vijana aliokuwa nao, kwa lugha waliyoielewa. Makanisa yanayotaka kipindi cha dini kiwe na uzito leo yaanzie hapo: yasomeshe walimu kwanza.