Kutoka Egesarate hadi Klabu ya 4-K: Maandalizi ya Vijana Viongozi Nyansiongo

Nyansiongo, mji mdogo wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira, umo katika ukanda ambamo ardhi ya Abagusii hupakana na ile ya Wakipsigis upande wa Sotik, na historia yake kama makazi ya wakulima wa Kigusii ni fupi kuliko ya sehemu nyingi za Gusii, kwa kuwa mashamba yake yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Familia zilizohamia huko wakati wa uhuru zililazimika kuunda kwa muda mfupi vyama vya ushirika, kamati za shule, kamati za majosho na makanisa, na kila chombo kati ya hivyo kilihitaji mwenyekiti wa kuendesha mkutano, katibu wa kuandika kumbukumbu na mweka hazina wa kutunza fedha. Kwa hiyo, namna vijana wa kati ya miaka kumi na ishirini walivyoandaliwa kushika nyadhifa katika vyama vya rika lao ni suala linalogusa uhai wenyewe wa makazi hayo. Historia ya eneo hili yaonyesha kwamba kijana aliandaliwa vyema pale alipokabidhiwa mali halisi na kudaiwa hesabu yake mbele ya wenzake, na kwamba pale alipopewa cheo kitupu hakujifunza ila kuamrisha.

Kabla ya utawala wa Waingereza, Abagusii waliwakabidhi vijana dhamana ya namna hiyo katika ebisarate (umoja wake egesarate), yaani kambi za ng'ombe zilizojengwa mbali na nyumba za wazee, ambamo vijana waliokwisha kutahiriwa waliishi pamoja wakilinda mifugo ya koo zao dhidi ya wavamizi. Njia ya kuingia humo ilikuwa jando. Baada ya kutahiriwa, mvulana alitengwa katika nyumba maalumu, ambamo moto ulikokwa na kutunzwa usizimike, na ambamo nyasi takatifu iitwayo esuguta ilipandwa na kuangaliwa hadi siku ya kutoka. Aliyeshindwa kutunza moto alikuwa amefeli jambo ambalo jamii nzima ililitazama, na katika kazi hiyo ndogo ndimo ulimoanzia utumishi. Katika egesarate dhamana ilipanuka: ng'ombe walikuwa mahari ya ndugu, akiba ya ukoo na fahari ya mzee aliyewamiliki, kwa hiyo uzembe wa usiku mmoja uliweza kuigharimu familia ndoa. Hapakuwa na uchaguzi wala daftari. Kijana alipimwa kwa idadi ya mifugo iliyorudi salama.

Mfumo huo ulivunjwa na dola. Baada ya msafara wa kijeshi wa Waingereza wa 1905, na baada ya Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote mnamo 1908 na Abagusii kuadhibiwa kwa moto na kunyang'anywa mifugo, watawala waliziona kambi hizo kuwa ngome za wapiganaji, na kufikia 1913 walikuwa wamezipiga marufuku. Hatua hiyo husimuliwa kama sehemu ya kutuliza nchi, lakini hasara yake katika malezi haijapewa uzito unaostahili, kwa maana iliondoa taasisi pekee ambamo vijana wa kiume walijitawala kwa pamoja huku wakiwajibika kwa mali kubwa, na haikuweka kitu mahali pake.

Uwajibikaji wenyewe haukufa, ulirudi nyumbani. Wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti kati ya 1955 na 1957 katika jamii ya Kigusii waliyoiita Nyansongo katika maandishi yao, waliwakuta watoto wakichunga, wakilima na kulea wadogo zao tangu umri mdogo sana. Jamii hiyo ilikuwa mojawapo ya sita zilizolinganishwa katika mradi mpana uliowahusisha Beatrice na John Whiting, na matokeo yaliyochapishwa mnamo 1975 yaliwaweka watoto wa Nyansongo miongoni mwa waliokuwa wepesi zaidi wa kusaidia na kubeba wajibu, tofauti na watoto wa mji wa Marekani uliochunguzwa katika mradi huohuo. Hata hivyo, mtoto aliyezoea kumwamuru mdogo wake shambani hajajifunza bado kuongoza watu walio sawa naye, wenye haki ya kumpinga, na pengo hilo ndilo vyama vya kisasa vya vijana vilikuja kuliziba.

Misheni zilitangulia. Wakatoliki walifika Nyabururu mnamo 1911 na Waadventista Nyanchwa mnamo 1912. Waadventista walikuja na urithi wa pekee katika jambo hili, kwani chama chao cha kwanza cha vijana kilianzishwa mnamo 1879 huko Michigan, Marekani, na wavulana wawili, Luther Warren wa miaka 14 na Harry Fenner wa miaka 17, na kutokana na mkondo huo likakua shirika la Watafuta Njia, lililokubaliwa rasmi na kanisa hilo mnamo 1950. Humo watoto hugawanywa katika vikosi vidogo, kila kimoja kikiwa na kapteni na karani wake, na vijana wakubwa hufunzwa kuwaongoza wadogo chini ya uangalizi wa watu wazima. Katika Gusii, ambako Waadventista ni wengi mno, sare na magwaride ya Watafuta Njia ni mambo ya kawaida.

Lakini kwa mji wa wakulima kama Nyansiongo, chama kilicholingana zaidi na maisha ya watu kilikuwa klabu ya 4-K, iliyoanzishwa nchini Kenya mnamo 1962 chini ya Wizara ya Kilimo, kwa mfano wa klabu za 4-H za Marekani ambazo chimbuko lake hutajwa kuwa kazi ya mwalimu A. B. Graham huko Ohio mnamo 1902. Herufi nne za K zawakilisha maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia, Kenya. Mwaka huohuo serikali ilianza mpango wa kuwagawia Waafrika takriban ekari milioni moja za mashamba ya walowezi, mpango ambao kufikia mwishoni mwa muongo huo ulikuwa umezipatia ardhi familia zipatazo 35,000, na Nyansiongo ikawa mojawapo ya makazi hayo. Klabu na makazi vilikuwa vya umri mmoja, na vilitegemea mtu yuleyule: bwana shamba.

Maandalizi ya viongozi wa klabu za namna hii yalijengwa juu ya mkutano. Wanachama huwachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina miongoni mwao, kisha mlezi, ambaye ni mwalimu au bwana shamba, huwafundisha utaratibu kwa kuwaacha wautumie. Mwenyekiti hujifunza kuhesabu akidi, yaani idadi ya wanachama inayotosha kuupa mkutano uhalali, na kutoruhusu hoja ijadiliwe kabla haijaungwa mkono. Katibu husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, hupokea masahihisho, na mwenyekiti hutia sahihi tu wanachama wanapothibitisha kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kazi ngumu kuliko zote ni ya mweka hazina. Klabu ikiuza kabichi au mayai, huandika mapato upande mmoja wa daftari na matumizi upande wa pili, huambatisha stakabadhi ya mbegu zilizonunuliwa, kisha husimama mbele ya wenzake, ambao kila mmoja alibeba maji ya kumwagilia kabichi hizo, akaeleza salio. Msichana wa miaka kumi na minne anayeulizwa shilingi tano zimekwenda wapi, naye akaonyesha karatasi yake bila kutetemeka, amepata mafunzo ambayo hotuba haiwezi kuyatoa.

Kutajwa kwa msichana hapa si kwa bahati. Egesarate ilikuwa ya wavulana peke yao, na adabu za chinsoni, yaani kanuni za heshima na staha zinazotawala uhusiano wa vizazi vilivyofuatana, zilimzuia kijana, na zaidi binti, kusema kwa uhuru mbele ya rika la wazazi wake. Klabu ya 4-K ilipokea wa jinsia zote na iliwakusanya watu wa kizazi kimoja, hivyo binti aliweza kuongoza mkutano bila kuivunja adabu hiyo. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kutoka desturi za egesarate, nalo lastahili kukumbukwa kwa fahari.

Ufundi huo wa mikutano na hesabu ulikuwa na mahali pa kwenda. Katika makazi ya mpango wa ugawaji wa mashamba, wakulima waliunganishwa katika vyama vya ushirika vilivyouza maziwa na pareto, na kupitia humo makato ya mikopo ya ardhi yalilipwa; baada ya Mamlaka ya Ustawi wa Majani Chai kuundwa mnamo 1964 na chai kuenea, vituo vya kununulia majani vilipata kamati zake za kuchaguliwa. Asiyejua kusoma daftari alidhulumiwa katika mizani na katika makato, na mkulima aliyewahi kuwa mweka hazina utotoni alikuwa na silaha ambayo jirani yake hakuwa nayo.

Katika shule, wakati huo, uongozi wa wanafunzi ulifuata njia nyingine. Kiranja aliteuliwa na walimu, akapewa mamlaka ya kuadhibu, wala hakuwa na hesabu ya kutoa kwa aliowaongoza, mfumo uliorekebishwa kwa kiasi tu pale Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari lilipoundwa mnamo 2009 na shule nyingi zikaanza kuwachagua viongozi kwa kura. Klabu za 4-K nazo zilidhoofika huduma za ugani zilipopunguzwa, hadi serikali ilipozizindua upya mnamo 2021 katika shule, sambamba na mtaala wa umilisi unaofundisha kilimo. Katika uzinduzi huo bustani na miche vimepewa nafasi kubwa. Daftari la mweka hazina halijazungumziwa kwa kiasi hicho, na mahali ambapo fedha za klabu hukaa kwa mwalimu, huku mtoto akibaki na cheo pekee, nafasi ya kiranja imerudi kwa jina jingine.