Msimamizi, Si Mtawala

Orodha ya istilahi iliyonifikia karibuni, kazi ya kamati ambayo wajumbe wake siwataji kwa kuwa bado tunasalimiana, imempa mwenye akaunti kuu ya kompyuta jina la "mtawala". Hoja yao naijua kabla hawajaitamka: ofisi zina idara za utawala, mikoa ina makatibu tawala, basi afanyaye utawala ni mtawala. Mbona Katibu Tawala mwenyewe hatumwiti mtawala? Utawala umekubali kushuka hadi kwenye majalada na ruhusa za likizo. Mtawala amebaki ikulu. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililotuletea liwali, aliyekaa Mombasa na Lamu kwa niaba ya Sultani wa Unguja. Liwali alikuwa na raia. Kompyuta haina raia.

Neno langu ni msimamizi. Kitenzi simama kikitiwa kauli ya kutendea huzaa simamia, na simamia, kwa kanuni ile ile iliyotupa mtetezi kutoka tetea na mlezi kutoka lea, huzaa msimamizi. Jirani yake, mtumiaji, naye katoka tumia, mtoto wa tuma kwa kauli hiyo hiyo ya kutendea. Jozi imeshapatana yenyewe, kamati ikaja kuitenganisha.

Tena sheria ilitutangulia. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo huteua msimamizi wa mirathi: anakabidhiwa mali ya marehemu, anaiorodhesha, anampa kila mrithi fungu lake, kisha anarudi mahakamani kutoa hesabu. Mamlaka anayo, lakini kwa mali ya wengine. Nani amewahi kumwita huyo mtawala wa mirathi?

Mwenzangu mmoja, ambaye kamusi yake bado inasubiriwa, anadai msimamizi ni wa mitihani na vibarua. Namshukuru kwa mfano. Msimamizi wa mtihani hafanyi mtihani, na akaunti ya msimamizi haikuwekwa kwa kuandikia barua wala kuzurura intaneti. Wapo pia wanaoigeuza root ya Linux, akaunti yenye namba 0, kuwa "mzizi"; mizizi wamwachie mganga. Lile ni jina la akaunti, na jina huandikwa lilivyo.

Kwa matumizi, basi: akaunti ya kwanza unayoifungua unaposimika Windows huwa ya msimamizi, hivyo fungua ya pili ya mtumiaji wa kawaida, fanyia humo kazi za kila siku, na ile ya kwanza iwe na nywila yake ya peke yake (nywila nalo lilinikera, ila limeshashinda) kwa ajili ya kuweka programu na kubadili mipangilio.

Wajumbe wakitaka kunijibu, wanijibu kwa sarufi. Ile hoja ya kwamba orodha imeshapigwa chapa nimeshaisikia.