Ruta ya nyumbani inavyoweza kuipima kampuni ya intaneti

Wasikilizaji wetu wa Mbeya na Iringa mnaijua hali hii: saa mbili usiku ujumbe unakwenda, lakini video inazunguka tu. Mnara umezidiwa, au kampuni imepunguza kasi ya huduma fulani kwa makusudi? Kwa kutazama simu moja huwezi kujua. Ruta, yaani kile kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani, inaweza kusaidia kwa sababu inawaka usiku na mchana na haihami.

Ikiwekewa programu ya kupima, kila baada ya muda hupakua data kidogo kutoka huduma mbalimbali na kuandika kasi. Kama jioni kila kitu kinakokota na alfajiri kila kitu kinakimbia, huo ni msongamano. Lakini kama huduma moja tu inakokota saa zote, na nyumba nyingine za Mafinga na Tukuyu zenye kampuni hiyohiyo zinaona vilevile, hapo kuna la kuuliza. (Kasi kushuka baada ya kutumia kiwango fulani cha bando ni jambo jingine; soma masharti.)

Nchini Marekani, mwaka 2007, wateja ndio waliogundua kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa ikikatiza kimyakimya mafaili yanayopita kwa BitTorrent. Baadaye chuo cha Georgia Tech kilianzisha mradi wa BISmark, wa ruta zinazopima intaneti majumbani, na baadhi zilifungwa Afrika Kusini.

Hapa kwetu, Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Twitter ilisema inaona Twitter na WhatsApp zikizuiwa na kupunguzwa kasi. Vipimo vya mradi wa OONI, vinavyofanywa na watu wa kawaida, vilionyesha pia kwamba mitandao ya kijamii imezuiwa. Kipimo huonyesha kilichotokea. Hakisemi nani aliagiza.

Wengi wenu hamna ruta. Programu ya OONI Probe hupima kwa simu, bure, ila inakula bando. Zima VPN kwanza, la sivyo utapima njia nyingine. Fahamu pia kwamba matokeo huwekwa hadharani pamoja na jina la mtandao unaotumia, ingawa si jina lako.

Ukitaka kulalamika, andika tarehe, saa, mahali na huduma iliyokwama. Anza na kampuni yako. Isipokujibu, nenda TCRA, ambayo ofisi yake ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.