Kura Tatu, Kadi Moja

Akina mama wa darasa letu la itikadi hapa Mbezi Luis walitazama filamu ya The Help ya 2011, juu ya watumishi wa nyumbani weusi na mabibi zao wazungu huko Mississippi mwaka 1963. Wakatuuliza: kwetu ilikuwaje?

Ukoloni nao ulikuwa na urafiki wake. Katika vilabu vya wanawake, wake wa maofisa waliwafundisha Waafrika kushona na kupika. Mmoja mwalimu, mwingine mwanafunzi daima.

TANU ilijenga uhusiano mwingine. Katika uchaguzi wa 1958–59 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hila hiyo ya kugawa watu TANU iliigeuza silaha. Wakati Bibi Titi Mohamed akihamasisha wanawake, Sophia Mustafa, Mwasia, na Marion Chesham, Mzungu mzaliwa wa Marekani, waliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU.

Lakini tujikosoe: hawakuruhusiwa kubeba kadi yake. Mlango ulifunguliwa 1963, mwaka uleule wa filamu.

Ndugu mmoja, mtumishi wa nyumbani, akauliza tena. Mwajiri wake ni Mwafrika mwenzake, naye bado hula jikoni peke yake. Swali hilo tumelipangia kikao kijacho.